Hita ya Ghorofa ya Pili

27 Oktoba, Jumamosi

Habari kubwa! Mzee Tong wa ghorofa ya pili amehamia kwa binti yake, mji wa Dalian. Nyumba iko wazi. Mwenyewe ni Mama Qu, ambaye pia ndiye mwenye nyumba yangu ya ghorofa ya sita, ambako hita hupata joto la chai iliyosahauliwa mezani. Mwaka jana taulo liliganda bafuni. Nililisimamisha ukutani kama ubao. Mzee Tong alikuwa akishinda na singlendi mwezi wa Januari. Naitaka nyumba ile.

Tatizo ni Plamen. Mbulgaria. Mlango wake unatazamana na wangu, mwenye nyumba ni huyo huyo, na tunafundisha Kiingereza kituo kimoja. Wageni katika mtaa huu mzima wa Wachina ni sisi wawili. Naye anaganda kama mimi, kwa hiyo lazima anaitaka.

Leo lori la kabichi limeingia uani. Mama Qu kanunua za msimu wote wa baridi. Nikateremka mbio kumbebea. Plamen alishafika! Mikono kama winchi. Tena akamweleza Mama Qu jinsi bibi yake alivyokuwa akichachusha kabichi kwenye pipa, wakabishana juu ya chumvi kama ndugu wa tumbo moja. Mimi nimesimama na kabichi yangu kifuani kama mtoto wa kubatizwa.

Nikamuuliza Mama Qu kuhusu nyumba. "Tutaangalia, Mwalimu Fei, tutaangalia." (Fei ni jina langu, Mfinanga, baada ya Wachina kuchoka nalo.)

Tutaangalia nini? Nimelitafakari neno hilo jioni yote. Naona ni ndiyo.

29 Oktoba, Jumatatu

Xiuzhi wa mapokezi pale kituoni kasema "tutaangalia" ni hapana. Dereva wa teksi kasema ni ndiyo, mradi alitabasamu. Alitabasamu? Sijui. Alikuwa anatafuna mbegu za alizeti.

Sasa ni kumwondoa Plamen, tena kistaarabu. Sikumsingizia wizi wala ulevi. Nilikusudia kusema jambo moja tu: Plamen haogopi baridi. Kwao theluji hadi kiunoni. Nyumba yenye joto atapewa ya nini?

Nimemkuta Mama Qu jikoni akishindilia kabichi mtungini. Nikasema maneno yangu polepole, kwa Kichina safi. Akaacha kazi. Akashika kifua. "Maskini! Kweli hiyo?" Nikasema kweli tupu, tangu utotoni. Akanitazama kwa macho ya huruma, akaniambia mimi ni mtu mwenye moyo.

Ajabu. Sikutegemea kusifiwa kwa fitina. Lakini nimepokea.

31 Oktoba, Jumatano

Mpango wa pili. Mama Qu aone kwa macho yake ninavyoteseka. Nikavua suruali ya ndani ya baridi, nikabaki na ya nje peke yake, nikashuka ngazi mbio ili nimuwahi getini kabla akina mama wa mtaa hawajaanza kucheza ngoma zao za jioni. Nikasimama mbele yake. Nikatetemeka. Nilitetemeka vizuri sana, najisifu.

Mama Qu akainama, akapandisha pindo la suruali yangu.

"Hajavaa! Jamani, njooni mwone! Hajavaa kitu ndani!"

Wakaja wote. Mama Bai, yule mwenye spika ya muziki, akanishika muundi, akapiga kelele. "Moto! Mguu kama jiko!"

Ni kwa sababu nilikimbia ngazi za ghorofa sita! Hakuna aliyesikiliza. Wakakubaliana kwamba watu wa kwetu huzaliwa na jua ndani ya damu. Nikajitetea, nikasema kwetu Upare ni milimani, asubuhi kuna ukungu. Neno la ukungu sikulijua. Nikaonyesha kwa mikono. Wakadhani nacheza. Wakapiga makofi, Mama Bai akafungua muziki.

Nimecheza. Ningefanyaje?

1 Novemba, Alhamisi

Leo mji umefungulia maji ya moto yanayolisha hita zote. Mtaa mzima umeshangilia. Hita yangu imekoroma, imetema maji, imenyamaza. Vuguvugu.

Mchana Mama Qu kagonga. Uso unang'aa. Nyumba ya ghorofa ya pili kapewa Plamen!

Nikauliza kwa nini. Akaniambia huku akinipapasa bega: "Si wewe mwenyewe, mwanangu? Wewe ndiye uliyeniambia anavyoiogopa baridi. Mtu mzima, tangu utotoni! Wewe una damu ya moto, utavumilia."

Nikampigia simu Xiuzhi. Nikamrudia sentensi yangu ya Jumatatu neno kwa neno. Alicheka mpaka simu ikamponyoka. Kuna kineno kidogo cha kukana. Nilikimeza.

4 Novemba, Jumapili

Plamen kanialika maandazi ya kuchemsha, yale ya nyama na kabichi. Nimekwenda ili nione ninachokosa. Theluji inaanguka nje, na yeye kafungua madirisha yote. Kavaa kaptula. Jasho linamtiririka hadi kwenye bakuli la siki.

Kaniambia hakuwahi kuiomba nyumba hii. Ati tangu siku ya kabichi alimwambia Mama Qu ampe Fei, kwa sababu Fei anakohoa usiku na yeye anamsikia hadi mlangoni kwake. Halafu ghafla akaja kupewa yeye, na kila mama mtaani anamletea soksi. Haelewi kabisa.

"Ichukue wewe, kaka. Mimi humu napikwa. Niache nirudi kule juu nipumue."

Akaweka funguo mezani.

Nimezitazama zile funguo muda mrefu. Mkono ulitaka kwenda. Lakini akili ikaniita pembeni. Tangu lini mtu akatoa nyumba ya joto bure? Pana kitu hapa. Bomba linavuja? Mama Qu anapandisha kodi? Ananichimbia shimo, na mimi nitumbukie huku natafuna andazi lake?

Nikamsukumia funguo zake. Nikasema sipendi kumsumbua mtu. Alinitazama kama aliyepotea njia. Nimepanda ngazi kichwa juu. Hanipati!

6 Novemba, Jumanne

Hakukuwa na shimo. Plamen karudi nyumba yake ya zamani, anaimba. Nyumba ya ghorofa ya pili imebaki wazi siku moja tu. Mama Qu kawapa kijana mmoja wa reli na mkewe, kwa sababu mke ana mimba, na mjamzito hawezi kuachwa kwenye baridi. Ameniletea blanketi. Kaniuliza kwa nini nilizikataa funguo. Nikalisifu blanketi.

Naandika nimevaa glavu. Ila nimegundua jambo: Wang wa ghorofa ya tatu anahama mwisho wa mwezi, na nyumba ile pia ni ya Mama Qu! Kesho mapema nitamwambia kwamba mke wangu yuko njiani anakuja, na ana mimba. Mapacha.

Sina mke. Hilo ni dogo, nitalishughulikia wiki ijayo.