Damu ya Tumezoea

Jumatatu, 4 Machi
Daktari wa mifugo, Anjeline, kafika hapa Mella. Anatoa mbwa damu ikapimwe vinasaba. Eti kupe mmoja anaweza kumwachia mbwa vijidudu vya aina mbili tatu kwa mpigo, na mashine itataja kila kimoja na ukoo wake. Ajabu! Mimi hata ukoo wa mkwe wangu sijaumaliza.

Mbwa wangu nilimwita Watasema, ili jirani yangu Ekaju asikie kila ninapomwita. Ekaju naye wake akamwita Tumezoea. Leo kwenye chungu cha ajono, pombe yetu ya ulezi ya kunywa kwa mrija, tumegombana: mbwa wa nani analeta kupe? Tukakubaliana. Mwenye mbwa mgonjwa ataweka mrija chini, Pasaka anywe chai.

Jumatano, 6 Machi
Ekaju kaenda Majanji kununua samaki. Kaniachia Tumezoea nimpeleke kwa daktari. Mtu mwema, akili hana. Tumezoea mnene, anang'aa. Watasema mbavu nje, kupe masikioni kama hereni. Nikamwambia daktari mnene ndiye Watasema wangu, mwembamba ni wa Ekaju. Akaandika hivyo kwenye vichupa. Daktari kumwita Watasema, akageuka mwembamba! Nikakohoa.

Jumanne, 19 Machi
Majibu! Kwa majina ya vichupani, Watasema ana vijidudu vya aina mbili. Tumezoea safi. Kumbe mnene ndiye mgonjwa! Wangu ana njaa tu, na inapotoka napajua. Daktari kanipa vidonge vya mwezi mzima, kanisihi nianze leo leo. Ekaju kacheka mpaka kashika ukuta. Mrija wangu chini. Niseme ukweli? Nionekane mjinga mara mbili? Vidonge viko juu ya kabati.

Jumapili ya Matawi, 24 Machi
Tumezoea hali chakula. Ekaju anasema ameshiba tu, si alipimwa akawa safi? Nikarudi kwangu.

Ijumaa Kuu, 29 Machi
Tumezoea anatoka damu puani. Nikaficha kidonge ndani ya kichwa cha samaki, nikapenya uani kwa Ekaju. Kanikuta nimepiga magoti, mkono mdomoni mwa mbwa wake. Akadhani ni sumu. Ikabidi niseme yote. Heri angenipiga. Alisema tu, "Mbwa huyu nilikuachia, Osire, kwa sababu ni wewe." Nikampa vidonge vyote.

Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili
Daktari anasema Tumezoea atapona, ila jicho la kushoto limekwenda. Dawa ilichelewa. Na bado mbwa huyo akiniona anatikisa mkia, kichwa amekipinda upande ili anione vizuri. Ekaju kaniitia chunguni, kanipa mrija wake nivute funda moja.

Wiki ijayo wanapima ng'ombe. Nimefikiri sana juu ya kosa langu, na nimelipata: nilichagua mnene. Ng'ombe wa Ekaju amekonda kuliko wangu. Nimejitolea kuwapeleka wote wawili.