Ombi la Kupiga Marufuku Tensheni Mtaani Sneh Vihar

Nyumba Na. 9,
Sneh Vihar, Jabalpur.
28 Oktoba

Ndugu Katibu wa Kamati ya Wakazi,

Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, isipokuwa goti la kushoto, ambalo halihusiki na malalamiko haya. Nimeamua kuandika kwa sababu nilipokueleza jambo hili kwa mdomo pale langoni wiki iliyopita, ulinijibu, "Nimenoti, Mwalimu. Nitakupa fidibeki." Binti yangu Pratibha, nilikufundisha Kihindi darasa la nane B. Ulipata alama themanini na moja, na insha yako juu ya msimu wa mvua niliisomea darasa zima. Fidibeki sikukufundisha. Hata hivyo sina kinyongo. Leo wewe ni daktari wa meno na tena Katibu wetu, na mwalimu huona fahari hata pale anapoumia.

Jambo lenyewe ni hili. Wakazi wa mtaa wetu wameacha kuzungumza Kihindi, na wala hawazungumzi Kiingereza. Wanachukua sentensi nzuri ya Kihindi, wanaitoboa matundu, kila tundu wanachomeka neno la Kiingereza, halafu wanaendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Naiomba Kamati ipige marufuku mazungumzo ya namna hiyo ndani ya ukuta wa mtaa, kuanzia kibanda cha mlinzi hadi tangi la maji. Sababu zangu nitazieleza polepole, kama nilivyozoea.

1. Ukoo umevunjwa. Lugha yetu ina neno la kaka mkubwa wa baba, neno jingine la mdogo wake, jingine la kaka wa mama, na jingine la mume wa shangazi. Kila neno lina kiti chake harusini na zamu yake ya kupakuliwa chakula. Sasa wote hao ni "anko". Muuza maziwa ni anko. Mlinzi ni anko. Juzi binti wa nyumba namba kumi na mbili alipita akasema "Namaste, anko", na tukaitika watatu: mimi, kinyozi, na daktari wa mifugo aliyekuja kutazama ng'ombe wa watu wengine.

2. Tensheni. Mwezi uliopita bomba la jikoni kwangu lilipasuka. Fundi Baldev akaja, akachungulia chini ya sinki, akasema, "Anko, usichukue tensheni. Hii kesi ni simpo. Dakika tano, fainali." Nilimwomba kwa upole anieleze hali hiyo kwa lugha safi. Baldev ni mtu mwenye heshima zake, kwa hiyo aliweka spana chini ili afikiri. Alifikiri vizuri sana. Maji yalivuka kizingiti, yakafika kwenye gunia la mchele. Hapo mke wangu Sarla akatokea mlangoni, akasema, "Baldev mwanangu, funga maji. Na wewe, Mwalimu, unaboa." Mchele uliharibika. Naiomba Kamati izingatie kwamba kama Baldev angezoezwa lugha safi tangu mwanzo, angenijibu papo hapo na mchele ungesalimika.

3. "Unaboa", kama ilivyotajwa hapo juu. Miaka arobaini na mitatu ya ndoa.

4. Hekaluni nako. Jumatano kuhani wetu alisimama mbele ya waumini akasema, "Simu zote sailenti, pliz, tunamwita Ganesh." Baada ya ibada nilimfuata nikamweleza kwamba mungu anayeitwa mara tu baada ya neno "sailenti" anaweza kudhani ameambiwa yeye. Kuhani alinipa vitamu vya sadaka. Nilipoendelea kueleza, akanipa tena, na safari ya pili alinishika mkono akanisindikiza mpaka mlangoni, kwenye viatu vyangu.

5. Sasa nafika kwa Bwana Omkar Khare wa nyumba namba saba, mkuu wa stesheni mstaafu. Hapa naomba uvumilivu wako, maana kipengele hiki ni kirefu kidogo.

Kwa miaka kumi na sita mimi na Bwana Khare tumekaa benchi moja bustanini, saa kumi na mbili asubuhi, tukigawana gazeti. Mimi huchukua tahariri, yeye huchukua kriketi. Benchi lenyewe lina ubao uliovunjika upande mmoja, kwa hiyo watu wawili hawana budi kubanana. Kila nilipofika alisogea akasema, "Kaa, yaar, tutaadjasti." Na neno yaar sina ugomvi nalo. Ni letu wenyewe, ni neno la rafiki ambaye mnaweza kubanana naye. Katika mtaa mzima ni yeye peke yake aliyeniita hivyo. Kwa wengine mimi ni Mwalimu, au anko. Tatizo ni hiyo adjasti. Kwa makadirio yangu nimemsahihisha mara elfu nne. Hunijibu, "Oke, Mwalimu," na kesho yake anairudia ileile, bila aibu, huku akinimiminia chai.

Tarehe tano mwezi huu ilikuwa sherehe ya uchumba wa mjukuu wake, Anvesha. Ulikuwepo, lakini ulikaa mbali, karibu na sinia la vitamu vya jalebi, kwa hiyo huenda hukusikia. Bwana Khare alisimama na glasi ya maji mkononi, akasema, "Mjukuu wangu, ndoa ni treni ya abiria. Ikiwa leti, usichukue tensheni. Mtu akikalia siti yako, adjasti kidogo. Babu yako nipo, ful saporti." Nilimsahihisha kutoka kwenye kiti changu, kwa sauti yangu ya kawaida ya darasani. Leti, tensheni, siti, adjasti, ful saporti: matano. Wageni walicheka, na yeye akacheka. Kisha akasema, "Leo nammisi sana bibi yako. Kamla angekuwepo..."

Nikasema, "Bwana Khare, tunasema 'nauona upungufu wake'."

Maneno niliyompa yalikuwa sahihi. Naomba hilo liingizwe kwenye kumbukumbu za Kamati.

Wageni walicheka tena. Safari hii yeye hakucheka. Aliitazama ile glasi, akaketi, na sentensi ya Kamla hakuimaliza. Anvesha alikuwa ameinua uso akiisubiri. Nilimwona.

Tangu siku hiyo, siku ishirini na tatu kamili, Bwana Khare hajakanyaga bustanini. Anatembea upande wa tangi la maji, amejifunika shali mpaka masikioni kana kwamba yuko Himalaya. Kurasa zake za kriketi ninazo zote. Nimezifunga kwa uzi, si kwa sababu yoyote maalumu. Karatasi nzuri haitupwi.

Kutokana na hayo, naiomba Kamati ifanye yafuatayo:

(a) Ibandike kibao langoni chenye katazo. Maneno ninayo tayari, na rangi nitanunua mwenyewe.

(b) Iteue Mkaguzi wa Mazungumzo, mtu mzima, aliyesoma, mwenye subira, asiyedai ujira. Namfahamu mmoja. Goti lake si zuri, lakini masikio yote mawili yanafanya kazi.

(c) Wakazi wasioweza kuacha kuchanganya wapewe saa yao ya kutumia bustani, ikiwezekana saa nane mchana mwezi wa Mei, kilele cha joto letu, jua litakapokuwa limewasaidia kufupisha maneno.

(d) Benchi litiwe ubao mpya, ili liwatoshe watu wawili wasiosemezana.

(e) Kamati imwandikie Bwana Khare barua yenye muhuri, imwamuru arudi kwenye benchi lililotajwa kila siku saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa mvua ikinyesha, kwa ajili ya kusahihishwa. Nieleze sababu. Mtu asiyekuwepo hawezi kusahihishwa. Nimejaribu kwa siku ishirini na tatu. Jana nilisema "adjasti" mimi mwenyewe, kwa sauti, ili nipate kuisahihisha, na haikuwa sawa hata kidogo.

Kati ya maombi haya, kama Kamati haina nafasi ya kuyatimiza yote, lianze la mwisho.

Nisalimie mume wako na mama mkwe wako, ambaye nasikia jino lake jipya limekaa vizuri. Nisalimie mlinzi, ijapokuwa ananiita anko. Msalimie Baldev, mwambie sinki halivuji. Na ukikutana na Bwana Khare upande wa tangi la maji, mwambie kurasa zipo.

Ni mimi mwalimu wako, nisiyechoka kueleza,

Vishvambhar Dikshit

Nyongeza, tarehe 29. Barua hii haikuingia kwenye sanduku la Kamati jana kwa sababu Sarla aliisoma kwanza. Akasema, "Kurasa nne kwa Katibu, na Khare hujampa hata mstari mmoja." Nikakaa kuuandika huo mstari. Wa kwanza ulianza, "Mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa." Wa pili ulionekana kama ombi la likizo ya ugonjwa. Wa tatu niliuchana kabla Sarla hajauona. Maneno yetu ya kuomba msamaha ni mazito, binti yangu. Tunayatumia mbele ya Mungu, hakimu na baba mkwe. Kumpelekea mtu wa benchi moja ni kumtuma tembo wa harusi akanunue vitunguu.

Leo asubuhi nilichukua kurasa za kriketi nikaenda upande wa tangi la maji. Njiani nilikuwa na sentensi safi niliyoikariri. Khare akageuka, shali na yote, na sentensi ikanitoka kichwani. Nikasema, "Sori, yaar. Nimekumisi."

Akaishusha shali mpaka mabegani. Kisha akasema, "Mwalimu, tunasema 'nimeuona upungufu wako'."

Nikamwambia asiniboe.

Tulirudi kwenye benchi, na huko akanimalizia ile sentensi ya Kamla. Ina maneno manne ya Kiingereza. Sikugusa hata moja. Jioni anakwenda kumwambia Anvesha, na ameniomba niwepo. Nimeahidi kukaa sailenti.

Kwa hiyo naondoa maombi yangu yote, kuanzia (a) hadi (e). Benchi nalo msilitie ubao. Tumeadjasti.

V. D.