Wangwe wa Turwa na Ala ya Ngozi ya Fahali

Tegeni masikio, nyinyi wa Turwa mlioinama mkipalilia, nanyi wa Genkuru mnaorudi na vumbi la mgodi kwenye nyusi, hata nyinyi wa Mugumu mnaosubiri basi la Musoma. Zimeni simu zenu, maana leo zinasimuliwa habari za Wangwe, mtikisa minada, mwenye sauti ya kung'oa bati, ambaye alichomoa silaha kiunoni, akairudisha kiunoni, na akabaki na miguu yote miwili.

Chanzo cha vita kilikuwa aibu. Wahuni walimsimamisha porini akitoka mnadani Mugumu, wakamvua viatu, na yule simba akafika kwake na soksi. Tangu hapo aliiogopa njia ile, ingawa angekufa kabla hajalitamka hilo. Akaomba kibali, akakipata kihalali, akanunua bastola. Ilikuja na ala yake ya plastiki ngumu, nyeusi, isiyo na urembo.

Wangwe aliitazama ala ile kama mtu aliyeletewa uji wa mgonjwa.

"Mimi," alimwambia mkewe Mokami, akiwa amesimama kifua mbele katikati ya ua, "mimi ambaye zizi langu linaonekana toka barabarani, nijifunge kipande cha ndoo? Silaha yangu italala katika ngozi ya fahali wangu mwenyewe, yule niliyemchinja harusini kwa mwanetu Gati, ili hata adui ajue ametishwa na mtu mwenye mifugo."

"Adui atajuaje ni ngozi ya nani, Baba Heche, na umesema utaificha?" aliuliza Mokami.

Swali hilo shujaa alilipita kama jeshi linavyopita kichaka kisicho na watu. Fundi viatu akaletewa ngozi ambayo haijakauka vizuri, akaishona ikawa ala. Hivyo Wangwe akaanza kutembea na siri yake chini ya shati, na siri hiyo ilijulikana kwa mbwa wote wa kata, waliomfuata kwa heshima kubwa wakilamba midomo. Watu nao waliijua, kwa kuwa shujaa alijipapasa nyonga kila alipopiga hatua, utadhani ana jipu.

Ndipo Mokami alipotangaza masharti. Dada yake Nyangwine, sajenti mstaafu, angekuja kumpima Wangwe kuchomoa na kurudisha silaha. Akifaulu, aende mnadani na bastola yake. Akishindwa, chuma kile kipelekwe polisi kikatunzwe huko, kwa sababu nyumba ina watoto, naye apite porini kama alivyopita mwanzo. Wangwe alicheka kwa kishindo. Ndani ya kicheko hicho miguu yake ilizikumbuka soksi.

Nyangwine alifika baada ya chai. Akatoa magazini yenye risasi, akavuta nyuma chuma cha juu cha bastola, akachungulia chemba inamokaa risasi, akaingiza na kidole kuhakikisha ni tupu, akamkabidhi Mokami risasi zote akaziweke chumbani. Kisha akamsimamisha shemeji yake mbele ya kichuguu nyuma ya zizi, pasipopita mtu wala mnyama.

"Chomoa, shemeji. Taratibu. Kidole kikae mbali na kifyatulio."

Wangwe akapandisha shati kama apandishaye bendera, akashika mpini, akavuta. Fahali hakukubali. Jua lilikuwa limeikaza ile ngozi, ikaibana bastola kama taya la mamba. Akavuta kwa nguvu za ukoo mzima, na kilichochomoka ni mkanda, na nyuma ya mkanda ikafuata suruali.

"Wahuni safari hii hawatapata shida ya kukuvua," alisema Nyangwine. "Umeshawasaidia."

Mokami akageukia zizini, mabega yakimtikisika.

Sajenti akailowesha ala ile kwa maji mpaka ikalegea, akaichomoa bastola mwenyewe. "Na hivi ndivyo mvua ya Tarime itakavyoilowesha. Angalia sasa." Akaanza kuirudisha polepole. Mdomo wa ala ukajikunja kwa ndani, na mkunjo ukaingia penye kifyatulio, ukakigandamiza. Pakasikika tik, sauti ndogo kama mdudu.

"Ingekuwa na risasi," alisema, "hapo paja limeshaondoka. Si jambazi aliyekupiga, mura. Ni fahali wako."

Shujaa alijitazama paja, akamtazama mkewe ambaye sasa hakuwa akicheka, na hapo majivuno yake yalikufa bila mazishi.

"Leteni ile ndoo," alisema.

Akaifunga ala ya plastiki kiunoni, kwenye mkanda mgumu. Ilifunika kifyatulio chote, mdomo wake ukabaki wazi bila kushikiliwa. Akachomoa bastola, ikatoka. Kurudisha ndiko kulikomtoa jasho, kwa maana alikuwa na haraka ya mtu anayetazamwa.

"Nani anakukimbiza?" Nyangwine alimfokea. "Shati kwanza. Liondoe kabisa, nalo linaweza kuvuta kifyatulio. Kidole kinyooke pembeni. Tazama unapoingiza. Hakuna zawadi ya kuwahi."

Wangwe, mtikisa minada, akakusanya shati kwa mkono wa kushoto, akalishikilia juu kifuani. Akanyoosha kidole. Akainamisha kichwa, akatazama kiuno chake kwa unyenyekevu ambao hakuwahi kuuonyesha hata kanisani, na akashusha chuma kile polepole, kama anayemlaza mtoto aliyesumbua. Kikaingia. Kikatulia. Shati likashuka juu yake, wala hakujipapasa.

"Rudia," alisema Nyangwine.

Akarudia, akarudia tena, mpaka sajenti akakosa la kukemea.

"Mama Heche," alimwambia dadake hatimaye, "mwache aende."

Basi na ijulikane toka Sirari hadi Mugumu, na wajukuu wahadithiwe wakiwa wamesimama wima: palikuwa na mwanamume Turwa aliyerudisha bastola tupu mahali pake, nyuma ya zizi lake, mchana kweupe, na hapakutokea kitu chochote. Paja halikutoboka. Hata kuku hawakuinua vichwa.