Nimelehemu Shimo Tupu

Jamani, leo nimeadhirika, na mashahidi ninao: wavuvi watatu na Bi Saumu, fundi wa redio hapa Kilindoni.

Mnakumbuka jana nilibadilisha swichi zote za kibodi yangu, vile vidude vilivyo chini ya kila herufi, nikazilehemu mwenyewe, nikawatumia picha humu? (Yale makofi mliyonipigia, njooni myachukue.) Asubuhi nikakaa nimalizie sura ya mwisho ya riwaya. Mhariri anaitaka kabla ya alasiri, la sivyo kitabu kinangoja mwakani. Nabonyeza A. Kimya. Nabonyeza tena kwa bismillahi. Kimya! Jaribuni kuandika Kiswahili bila A, halafu mniambie.

Nikabeba kibodi na kompyuta mbio kwa Bi Saumu. Nikamkuta anatengeneza taa za wavuvi wa dagaa, wenyewe wamekaa kwenye benchi wanasubiri.

"Shikamoo, Bi Saumu. Nimeuziwa swichi mbovu."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakwambia mbovu?"

"Nimelehemu mwenyewe. Kazi yangu naijua." (Ulimi huu!)

Akaiunganisha kibodi na kompyuta, akaifungua nyuma. Hakubonyeza kitu. Alichukua kibanio chembamba, akagusa nukta mbili nyuma ya ile A. Herufi ikatokea kwenye kioo. Imezaliwa bila kidole! Naandika mwaka wa sita huu, sijawahi kuona A nzuri vile.

"Njia ya umeme nzima. Mgonjwa ni swichi." Akayeyusha risasi ya kulehemu, akaing'oa swichi, akaiweka kiganjani. Mguu wake mmoja ulikuwa umekunjwa chini. Haukuwahi kupita tunduni.

"Imekaa tahiyatu," mvuvi mmoja akasema, "na wewe unaidai isimame!"

"Umelehemu shimo tupu, mwanangu," akasema Bi Saumu. "Ila umelilehemu vizuri."

Wavuvi hoi. Yeye akaunyoosha ule mguu, akaupitisha tunduni, akashusha tone moja la risasi, likang'aa kama jicho la samaki aliyetoka majini sasa hivi. Basi. A imepona.

Ningeondoka hapo, ningebaki na nusu ya heshima. Lakini sura yangu ilikuwa wazi kwenye kioo, na Bi Saumu anasoma. Kwa sauti.

"'Risasi ilichemka, na mikono ya fundi haikukosea kamwe.' Fundi gani huyu?"

"Wa kwenye riwaya," nikanong'ona. "Shujaa wangu... ni fundi wa kulehemu."

Kikapasuka kicheko, mpaka muuza maandazi akavuka barabara kuuliza kuna nini.

"Risasi haichemki, inayeyuka," Bi Saumu akasema akijifuta machozi. "Na fundi asiyekosea mie simjui. Mie nimeshaunguza redio ya mume wangu, na taarifa ya habari imo ndani!"

Nikakaa palepale kwenye benchi, katikati ya wavuvi. Nikaifuta ile sentensi, nikaimalizia sura. Shujaa wangu akaunguza redio. Nimetuma sura huku alasiri inaadhiniwa. Mhariri kajibu: "Hapo penye redio, ndipo fundi wako amepata uhai."

Nawaomba msinicheke. Kicheko cha leo wamekimaliza chote Kilindoni.