Shamba la Vizibo

Uliiona ile karatasi. Usijifanye. Ulipita asubuhi ukamkuta Baba Notisi, mwenye nyumba wenu, akiibandika kwenye mlango wa baa ya Shangazi, akiipigapiga kwa kiganja kama anayembembeleza mtoto alale, nawe ukatoa simu ukaanza kusoma ujumbe ambao hukutumiwa. Ilisema: hama mwisho wa mwezi, hapa patauzwa vigae. Zamu ya fundi viatu ilipofika, ulitazama mawingu. Ya kinyozi aliyekunyoa siku ya harusi yako, ulifunga kamba za viatu visivyo na kamba. Kuna wanaokumbuka.

Basi sikiliza kilichotokea ulipokuwa umeinamia simu.

Baa yenyewe unaijua, hata ukikana. Zamani ilikuwa gereji. Leo ina mabenchi, ubao wa chaki, na divai ya Kifaransa inayonywewa kwenye glasi za chai, kwa bei ambayo hata mwalimu huthubutu kuagiza ya pili. Pembeni, mbele ya glasi ya mkopo, aliketi Waziri. Hakuwa waziri, waliompa jina walisema anaahidi sana na haleti.

Baba Notisi aliingia na futi yake kupima kuta. Shangazi alikuwa ndiyo kwanza amemfungulia mteja chupa, akampa kizibo anuse, kama ilivyo desturi ya divai, ajue kama imeharibika. Mteja akanusa, akaridhika, akakitia mfukoni.

Macho ya mwenye nyumba yakakifuata kile kizibo kama paka aliyesikia sahani. Kila kiumbe kina riziki yake duniani. Riziki ya Waziri ilikuwa watu wenye pupa.

"Mbona anampa takataka?" Baba Notisi aliuliza.

"Takataka, mzee?" Waziri alisogea, akaokota kizibo kingine mezani. "Hebu soma hapo ubavuni."

"Jina la shamba. Na mwaka."

"Ehe. Kule Ufaransa hawatumii hati. Kila kizibo ni mzabibu mmoja. Mwenye kizibo ndiye mwenye mzabibu."

"Bila karatasi?"

"Karatasi inaungua, mzee wangu. Inaloa. Kizibo je?" Akakitumbukiza kwenye glasi.

Baba Notisi aliinama. Akakizamisha kwa kidole. Kikaibuka.

"Kinaelea," alinong'ona.

"Sasa nionyeshe hati ya nyumba inayoelea."

Alimiliki mtaa mzima, na hakuna hata nyumba moja iliyoelea. Wakapatana hapohapo: beseni zima la vizibo kwa chumba cha ghorofani, bure, maisha yote. Na Waziri alikitaka kweli kile chumba. Alikuwa akilala kwenye kochi la dada yake, na shemeji alishaanza kumkalia miguuni kana kwamba haoni mtu.

Beseni lenyewe, ambamo Shangazi hutupia vizibo, lilikuwa chini ya kaunta.

"Shangazi, naomba vile vizibo. Nataka kumtengenezea mama zulia."

"Mama yako alikufa ukiwa darasa la tatu. Nilikuja msibani."

"Ndiyo maana hana zulia."

Shangazi alilisukuma beseni ndani zaidi kwa mguu. "Njoo kesho."

Kesho yake Baba Notisi alikuja na mkataba, kalamu na suti. Waziri akalivuta beseni, akalifunua kwa heshima zote.

"Shamba hilo, mzee."

"Na ni la nani?"

"Langu."

"Limekaa chini ya kaunta ya nani?" Shangazi aliuliza, huku akifuta glasi.

Baba Notisi aligeuka polepole. Mwenye kizibo ndiye mwenye mzabibu. Ya nini kumlipa dalali, na mwenye mali yupo hapa, kitambaa begani?

"Dada, nipe mimi."

"Baba, hivi ni vizibo tu. Nawashia jiko."

Alicheka kicheko cha mtu asiyetapeliwa. "Wenye mali wote husema hivyo."

"Havina thamani, Baba."

"Ubaki hapa miaka mitano, kodi ileile."

"Muulize mtu yeyote."

"Kumi."

Shangazi aliweka glasi chini. "Haya. Kama umeng'ang'ania, andika."

Waziri angesema nini? Kwamba ni uongo? Uongo wa nani?

Baba Notisi aliibandua notisi mwenyewe, kwa kucha. Waziri akabebeshwa beseni hadi garini, na pale mwenye nyumba, moyo umemjaa ukarimu, alichagua kizibo kidogo kuliko vyote akamtia kiganjani.

"Shika, kijana. Mzabibu wako huo. Uutunze."

Waziri akarudi kwa dada yake na shamba lake mfukoni. Shemeji alikuwa amejinyoosha kwenye kochi lote.

Sasa wewe. Shangazi alisema kweli tupu akapata miaka kumi. Wewe umenyamaza miaka yote hiyo, umepata nini? Leo kuna karatasi nyingine, mlangoni kwa mshona nguo, mkono wako wa kushoto. Acha simu mfukoni. Isome kwa sauti, waite majirani, mwende kwa Baba Notisi mkiwa wengi, mdai mikataba ya maandishi. Akibisha, pitieni kwa Shangazi. Beseni limeanza kujaa tena. Inuka.