Kinamasi Kilichohamishwa kwa Kalamu

Ofisi ya Mipango Miji ina furaha kuutangazia umma kwamba changamoto zote za mradi wa nyumba elfu nne zimekwisha, isipokuwa kinamasi, ambacho kitahama kabla ya Ijumaa.

Kazi ya kukihamisha alipewa mchoraji ramani, mwanamke mpole mwenye kifutio kilicholika upande mmoja kama kipande cha sabuni. Kinamasi chenyewe kilikuwa katikati ya eneo la mradi, maji hadi magotini, vyura kelele kutwa. Lakini kwenye ramani kilikuwa doa la buluu tu, na doa hufutika.

"Nikishakifuta kiende wapi, Mkuu?" akauliza, maana kanuni ilikataza kupunguza vinamasi vya mji.

Mkurugenzi alikuwa akifunga tai. Waandishi wa habari walimsubiri. "Kipeleke kule kwa mafundi seremala. Wakishaandikwa wanaishi kinamasini, tunawahamisha kwa usalama wao."

Kule kwa maseremala ndiko alikoishi shangazi aliyemlea mchoraji, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakwa chokaa juzi tu, sakafu kavu kau. Lakini uso wake ukabaki wa kiofisi.

"Sawa, Mkuu. Ila kule kuna kaya mia mbili. Kanuni inasema wakazi watatu wakipinga, ramani inarudi kikaoni."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

"Wewe, Mkuu."

Mkurugenzi akatazama saa. "Basi tafuta mahali ambapo watatu hawatimii. Usiniletee maneno, niletee karatasi nisaini."

Mchoraji alipekua ramani na fomu za wakazi, kiwanja kwa kiwanja, hadi macho yakamwasha. Mji ulijaa watu pomoni. Palibaki mahali pamoja tu: kiwanja kipana kilimani, wakazi wawili, mume na mke. Akakipaka buluu taratibu, pembe hadi pembe, bila kuvuka mstari. Mkurugenzi alisaini mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari, bila hata kuikunjua ramani.

Jumatatu mchoraji alipanda kilima na gundi yake, akabandika notisi getini kwa Mkurugenzi: wakazi wa kinamasi wahame ndani ya siku saba.

"Wewe mama, una wazimu? Futa!"

"Kufuta ni mpaka kikao, Mkuu. Na kikao ni mpaka wapingaji watatu."

Mkurugenzi akasaini pingamizi. Mkewe akasaini, akisonya. Wa tatu hakuna. Ndipo Mkurugenzi akamgeukia mlinzi wa geti, sauti imelainika ghafla.

"Ndugu yangu, tia saini hapa. Si umeishi hapa miaka kumi na moja?"

"Mimi, bosi? Kwenye fomu ya wakazi jina langu ulilikata mwenyewe. Ulisema mlinzi hapaswi kulala, na asiyelala mahali hahesabiwi kuwa anaishi hapo."

"Nilikuwa natania, jamani!"

"Ulipiga na mhuri, bosi," akasema mlinzi, na kwa heshima zote akafungua geti lote, upande huu na upande ule, ili makabati yapite.