Inua Kwanza, Ndipo Uvute

Wapo watu wanaoamka na kusikiliza taarifa ya habari. Dakta yeye alienda saluni. Nywele za kusuka hakuwa nazo, maana kipara chake kilianza mapema na hakikuacha kazi nusu, lakini kila asubuhi alijipweteka kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango, akajifanya anamngoja mtu, na kutega masikio. Kucha zikipakwa rangi ya zeituni, alijua. Mikoba ikipungua ukubwa, alijua kabla ya wenye mikoba.

Udaktari wake ulikuwa wa majiko. Chuo hakukiona hata kwa nje, ila ugonjwa alioutibu aliuelewa barabara. Ni ule unaompata mtu anaporudi nyumbani kutoka jikoni kwa mwenzake.

"Kinachovaliwa leo, kesho kinabandikwa jikoni," alimwambia Msusi, mwenye saluni, kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya serikali. "Watu walipoanza kupenda simu bapa zisizo na vitufe, nini kilifuata?"

"Vioo kupasuka," Msusi alijibu, chanuo likiwa kati ya meno.

"Yalifuata makabati yasiyo na vishikio! Meupe, laini, bapa. Haya, walipoanza kununua suruali zilizochanika kwa bei kubwa kuliko mpya?"

"Wazazi walilia."

"Zikafuata mbao kuukuu! Dada yangu, mtu akishamaliza kubadilisha viatu na simu, jicho lake linahamia jikoni. Mimi namsubiri huko huko."

Msusi alitikisa kichwa, akaendelea kusuka. Mdomo huponza kichwa, na kichwa cha Dakta hakikuwa hata na nywele za kukikinga.

Alikuwa na tamaa moja tu maishani, na aliitamani mpaka usingizini: chumba cha vioo kilichokuwa kitupu pale kwenye kona ya barabara kuu. Muuzaji wa mkobani huulizwa anatoka wapi. Muuzaji wa ndani ya vioo huulizwa anafunga saa ngapi. Dakta alichoka kutoka mahali. Alitaka kuwa na mahali.

Njia ya kwenda kwenye vioo ilipitia jikoni kwa Mama Pacha, mke wa mwenye malori. Alikuwa na simu bapa kuliko zote mtaani, na jiko lenye kabati refu, zito, lililopakwa rangi ya kijani tabaka juu ya tabaka.

"Mama," Dakta alisema kwa upole, akipitisha kidole juu ya kabati kama anayepima homa, "hili limekaa hapa tangu lini?"

"Alilitengeneza marehemu baba mkwe."

"Mungu amrehemu. Na kabati nalo amrehemu."

Mlangoni alikaa mama mkwe, mzee mdogo wa umbo, anachambua mchele kwenye ungo. "Mume wangu alilitengeneza wiki tuliyohamia," alisema bila kuinua macho. "Halina ubaya wowote."

"Mama, fasheni imepita," Mama Pacha alimweleza kwa sauti ya kumwonea huruma.

"Imepita lini? Mbona mimi nimekaa hapa hapa mlangoni na sijaiona?"

Dakta alicheka kwa heshima, kisha akafungua mkoba na kutoa picha za majiko meupe. Tena droo moja ya kabati la kijani, alionyesha, inakwama kabisa. Mama Pacha alimsogeza kando, akainua droo kidogo, akaivuta, ikaja yenyewe. "Ndivyo ilivyo, lazima uinue kwanza. Miaka yote hiyo nateseka nayo!" Siku ile ile akakubali. Dakta akambandikia mbao nyeupe za maranda yaliyogandishwa kwa gundi, na kabati la zamani akajitolea kuliondoa bure, kwa ajili ya kutunza mazingira. Bibi, yule mama mkwe, alilisindikiza mpaka getini. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, na hakuna aliyemwambia pole.

Katika stoo yake Dakta alikwangua ile rangi ya kijani kwa siku kadhaa, na chini yake ikatokea mbao nyekundu iliyoiva. Alisimama akaliangalia, akakiri moyoni kwamba yule marehemu alikuwa fundi. Kisha akalipaka mafuta, akalipeleka kwa Mama Famasi.

Mama Famasi, mwenye duka la dawa, alikuwa shoga wa Mama Pacha wa kufa na kuzikana. Maana yake ni kwamba hakuna mtu duniani aliyemchunguza Mama Pacha kwa makini zaidi. Wiki ile alikuwa amevaa suruali iliyochanika magoti yote mawili, kwa hiyo Dakta hakuhitaji kumpima.

"Limetoka nyumbani kwa balozi mmoja," alimnong'oneza. "Jina siruhusiwi."

"Na hii droo mbona haifunguki?"

"Ahaa! Hapo ndipo wenzio watakapoaibika. Inua kwanza, ndipo uvute. Siri ya mafundi wa zamani."

Mama Famasi aliinua, akavuta, akapiga kigelegele kidogo cha ndani kwa ndani. Jumapili akamwalika shoga yake chai, na Dakta akawepo kupokea sifa. Mama Pacha alikuja na mama mkwe, maana dereva alikuwa anampitisha hospitali.

"Shoga, nipatie kijiko kwenye droo hiyo," Mama Famasi alisema, macho yakimng'aa, akisubiri mgeni ahangaike.

Mama Pacha, akiwa bado anasimulia habari za mafundi bomba, alinyoosha mkono, akainua droo, akaivuta, akatoa kijiko. Hakukatisha hata sentensi.

Dakta akaanza kuutafuta mlango kwa macho.

"He! Umejuaje?" Mama Famasi aliuliza, amenyong'onyea.

"Nina mkono mwepesi tu, shoga," Mama Pacha alijibu kwa majivuno, akakoroga chai yake. Mkono ulilijua kabati. Kichwa kilikuwa kinatazama mbao.

Kikombe cha bibi kilikuwa kimesimama njiani kuelekea mdomoni. Aliitazama droo, akautazama mkono wa mkwewe, halafu akamtazama Dakta, taratibu, kama anayesoma maandishi madogo.

"Kijana," alisema, "naomba maji."

Dakta alimpa maji, akamsahau. Kumsahau mtu ambaye hajasema kitu ni raha wanayoshirikiana wajinga na wajanja.

Nje ya geti Mama Pacha alimkamata shati. "Milango yako meupe imevimba kwa mvuke, haifungi! Nataka kabati kama la Mama Famasi. Hapana. Nataka lile lile."

"Mama, lile ni la balozi."

"Balozi ni nani? Nitalipa sasa hivi."

Kesho yake Dakta alirudi kwa Mama Famasi na uso wa msiba. "Nimekuja kukuokoa. Mama Pacha anataka mbao kuukuu."

"Yule? Mke wa malori?"

"Fasheni ikishafika kwenye malori, mama, ujue imekwisha."

Mama Famasi alilikabidhi kabati kabla ya chai kupoa, na akalipia mbao nyeupe, ambazo Dakta alizing'oa kwa Mama Pacha, akazipiga msasa na kuzipaka rangi upya. Hivyo, ndugu msomaji, mmoja alinunua uchafu wa mwenzake, mwingine akanunua kabati lake mwenyewe, na wote wawili wakamwombea Dakta maisha marefu. Kuna mawaziri waliofanya kazi kubwa zaidi wakashukuriwa kidogo zaidi.

Kwa fedha hizo Dakta alilipia chumba cha vioo. Funguo zikaingia mfukoni mwake, naye akawa anazichezea mchana kutwa ili azisikie zikilia. Kabati lilibaki stoo likingoja kupelekwa kwa Mama Pacha Jumamosi. Ilikuwa imebaki kazi moja tu: kujaza vioo kwa fasheni inayokuja, kabla haijaja. Akarudi kwenye kiti chake cha plastiki.

Siku hiyo saluni ilikuwa inalia kengele. Mteja wa kwanza alivaa hereni za duara kubwa kama bangili, zenye minyororo inayoning'inia mpaka mabegani. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu alipogeuza shingo, hereni zilimchapa mwenyewe shavuni.

"Ndizo wanazotaka sasa hivi," Msusi alisema, amenuna kidogo. "Mimi hata sizipendi."

Ubongo wa Dakta ulikuwa unachemka. Duara. Minyororo. Vitu vinavyoning'inia. Akaja mteja mwingine, na mwingine. Alijizuia siku mbili nzima, maana alikuwa mtu wa utafiti. Siku ya tatu mlango ulifunguka, akaingia yule mama mkwe mzee wa Mama Pacha, polepole, na kwenye masikio yake makavu zikining'inia hereni zile zile.

"Hata wewe, bibi?" Dakta alishindwa kujizuia.

"Nifanyeje, mwanangu? Ndio wakati."

Ikiwa imefika kwa bibi wa mchele, basi si fasheni tena, ni mafuriko. Dakta alimvuta Msusi pembeni. "Makabati yamekufa! Watu watataka kila kitu kining'inie: sufuria, vikombe, miiko, vyote juu kwenye minyororo! Wapi nitapata kulabu nyingi, haraka, kabla ya watu kuamka?"

Msusi alifikiri. Alifikiri mpaka Dakta akaanza kutokwa jasho. "Mjomba wangu ana yadi ya vyuma," alisema mwishoni. "Lakini nasikia kuna tajiri ameshaziulizia."

Mjomba alikuwa mtu mkubwa asiyependa kuongea. Yadi yake ilijaa kulabu, reli na minyororo kutoka kwenye bucha iliyofungwa. Bado zilinuka ng'ombe.

"Zimeshapata mtu," alisema Mjomba.

"Amelipa?"

"Anakuja jioni."

"Mzee wangu, jioni ni mbali. Taja bei."

Mjomba alitaja. Dakta alimpa alichonacho chote, kisha saa, kisha simu. Mjomba aliangalia rundo lile kwa masikitiko ya mtu aliyepewa mifupa, akauliza kama hana hata samani. Kabati likatajwa. Likaletwa. Bado Mjomba akakuna kidevu.

"Hizo zinazolia mfukoni ni nini?"

"Za chumba changu cha vioo," Dakta alisema, kisha akasita. Hilo tumpe haki yake. Alizishika funguo mfukoni, akahisi baridi yake, na kwa muda mfupi alikuwa mtu mwenye akili timamu.

"Niwekee dhamana tu," Mjomba alisema. "Kodi si umeshalipa? Ukiuza mzigo ndani ya wiki, ukamalizia deni, unazichukua. Ukishindwa, basi. Au nimngoje tajiri?"

Wiki! Dakta alicheka. Yeye fasheni huiuza kwa siku moja. Akatoa funguo, na mkono wake ukawa mwepesi ghafla, akadhani ni furaha.

Alianzia kwa Mama Famasi. Dakta alimtolea kulabu. Mama Famasi aliisogelea, akainusa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Dakta, mimi nimekukosea nini?"

"Ndiyo inayokuja! Huoni hereni?"

"Hereni zipi?"

Dakta alimtazama masikioni. Vipini viwili vidogo vya lulu. Akamtazama jirani yake, aliyekuwa anapita: vipini. Akatembea mtaa mzima akichungulia masikio ya wanawake mpaka kaka mmoja akamwuliza anataka kupigwa wapi. Hakuna kilichoning'inia popote. Wiki nzima alibeba kulabu mlango kwa mlango, wakamfungia mlango kwa mlango, na huku Mama Pacha anamtafuta na madereva wawili, maana Jumamosi ilikuja na kabati halikuja.

Wiki ilipokwisha alikwenda saluni kulia mbele ya mtu anayemfahamu. Saluni ilikuwa tupu. Mlangoni pamebandikwa karatasi: tumehamia barabara kuu, kwenye kona.

Alipofika, hakuweza kuingia mara moja. Ndani ya vioo vyake taa zilikuwa zinawaka. Kiti chake cha plastiki kimewekwa mlangoni, maana Msusi hakutupa kitu. Mjomba anakunywa chai. Wateja wamejaa, mmoja kichwa chote ndani ya draya ya kukaushia nywele, ameupa ukuta mgongo. Na ukutani, refu, jekundu, limebeba mafuta na chanuo kana kwamba lilizaliwa pale, limesimama kabati. Dakta alikuwa ameliuza, akalitwaa, akaliuza tena, akalibadilisha kwa kulabu, na hajawahi kuliangalia likiwa limetulia. Alilitaka. Alilitaka vile vile walivyolitaka wao, kwa ujinga ule ule, na alijua jina la ugonjwa huo kuliko mtu yeyote.

Alijibwaga kwenye kiti chake cha plastiki. Bibi alikuwa ameketi kando ya kabati, mkono juu yake.

"Bei gani?" Dakta aliuliza, na sauti ilikuwa ya mteja.

"Haliuzwi, mwanangu. Mjomba amenirudishia, nami nimemkodishia Msusi, na ninalikuta hapa kila siku. Huku hakuna mtu wa kuniambia limepitwa." Alimwangalia kwa upole mbaya. "Lakini bei imo humo kwenye droo. Unajua inavyofunguka."

Dakta alisogeza kiti, akanyoosha mkono. Akainua, akavuta. Droo ilikuja yenyewe, imejaa hadi ukingoni hereni za duara zenye minyororo, kila pea imefungwa uzi wake. Kila mteja aliazimwa uchochoroni kabla ya kuingia saluni ya zamani, akarudisha akishatoka.

"Wewe nawe," alisema bibi, "ilibidi tukuinue kwanza."

Msusi aliinamisha kichwa ili asicheke mbele ya wateja, akashindwa.

"Nani huyo?" sauti ya Mama Pacha ilitoka ndani ya draya. "Mbona nasikia sauti kama ya Dakta? Nitoeni humu! Dereva! Dereva!"

Dakta aliruka. Kulabu ya mfano aliyokuwa nayo mfuko wa nyuma ilikuwa imejishika kwenye kiti cha plastiki, na hakuwa na nafasi ya kujadiliana nayo. Alitoka mbio na kiti kikimfuata, kikigonga lami, kikimchapa miguuni, akapita mbele ya maduka yote ya vioo ya barabara kuu. Na kwa kuwa mtaa ule umejaa watu wanaopenda kwenda na wakati, wawili watatu walisimama, wakamtazama mpaka alipopinda kona, na mmoja akauliza vinauzwa wapi.